Likizo ya Kumlilia Mama

Hopkins, Minnesota
Jumapili, 8 Desemba 2024

Ima mdogo wangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Simu hushiki, ujumbe unausoma na kunyamaza, basi nimerudi kwenye kalamu, kama tulivyokuwa tukimwandikia Baba alipohamishiwa Kisumu na shirika la reli. Barua huwezi kuikata katikati.

Ndani kuna kadi. Huku kila mtu hutuma kadi ya Krismasi yenye picha ya familia, wote wamevaa sweta za rangi moja, na lazima ifike kabla ya katikati ya mwezi. Ukichelewa watu wanajua umewasahau. Yangu ni ya peke yangu kama unavyoona. Nimesimama mbele ya mti wa Krismasi wa ile nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na sweta ni la kuazima.

Krismasi yenyewe nitakuwa kazini, maana wazee hawaendi likizo. Naosha, navisha, nalisha, nageuza, halafu naanza tena kwa yule wa kwanza. Nawe usidhani ninakosa mengi. Tarehe ishirini na sita mti uko nje kwenye takataka na watu wako ofisini.

Najua una hasira nami tangu Machi. Mama alizikwa nami sikuwepo. Sina la kuongeza juu ya nililokuambia siku ile, kwamba kazini hawakunipa siku. Nijibu kabla ya Krismasi, hata mistari miwili.

Dada yako,
Philister


Hopkins
Alhamisi, 9 Januari 2025

Imaculata,

Mwezi mzima nimefungua sanduku la barua kila nikirudi kutoka kazini, na glavu mkononi, maana chuma chenyewe kinaunguza kwa baridi. Bili, matangazo ya pizza, kadi za watu wa kanisani. Yako hakuna.

Basi nimeelewa. Sitakusumbua tena.

Philister


Angers, Ufaransa
Jumamosi, 11 Januari 2025

Dada Philister,

Heri ya mwaka mpya. Kadi yako ilifika tarehe kumi na tisa Desemba nikaiweka juu ya friji, na haijashuka. Sikuijibu kwa sababu huku salamu hutolewa mwaka ukishaingia. Watu huandikiana Januari nzima, hadi tarehe thelathini na moja, na anayewahi huonekana ana haraka ya kumalizana nawe. Nimeishi hapa miaka kumi na tatu, mambo yao yameniingia. Ingawa niseme ukweli, hasira nayo ilinisaidia kungoja.

Jumapili iliyopita jirani yangu, Madame Renaud, alinialika kwake kula keki ya Mamajusi. Ndani yake huokwa kisanamu kidogo cha kauri, na atakayekipata huvishwa taji la karatasi. Keki hukatwa vipande kwa idadi ya watu, kisha kinaongezwa kimoja cha maskini, au cha asiyekuwepo. Tulikuwa watatu, vipande vinne. Akaniuliza kwetu nani hayupo. Nilitaka kusema Mama. Nikasema dada yangu, maana Mama ana udhuru.

Siku tatu, uliniambia. Eti Amerika mtu hupewa siku tatu za msiba, na kutoka kwenu hadi Nakuru ni safari ya siku mbili. Mimi mkuu wa kantini ya shule ninakofanya kazi aliniambia nenda, watoto wa shule watakula tu. Nilikaa nyumbani wiki mbili, na wiki mbili hizo watu waliniuliza Philister yuko wapi, kifungua mimba, aliyesomeshwa kwa kuuzwa ng'ombe. Nikasema unaumwa. Nilidanganya mbele ya jeneza la Mama, dada, na hilo ndilo lililonifunga mdomo, si kingine.

Tarehe mosi Novemba, Siku ya Watakatifu Wote, huku kila mtu huenda makaburini na chungu cha krisantemu, yale maua yenye vichwa vya mviringo vilivyojaa. Hata shule hufungwa. Nilimsindikiza Madame Renaud kwa marehemu mumewe, nikasimama kwenye kaburi la Mfaransa nisiyemjua nikamlilia Mama. Mwenzangu akadhani ninamlilia mumewe. Akanishukuru sana.

Sitaki maelezo tena. Nataka siku moja tu, mimi na wewe mahali pamoja, tumlilie Mama kama watoto wake. Agosti shule imefungwa, nina nafasi. Njoo.

Mdogo wako,
Ima


Hopkins
Jumapili, 2 Februari 2025

Ima wangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Ile yangu ya tarehe tisa ichane. Mtu anahesabu siku hadi Krismasi na mwenzake anangoja ipite ndipo aanze, na wote wawili wamekosana. Mama angecheka mpaka ashike mbavu.

Nimeisoma yako wakati wa chakula cha mchana, nimesimama, mkate mkono mmoja na karatasi mkono mwingine. Nusu saa ndiyo tunayopewa, na ukiondoa kunawa na kutafuta pa kukaa inabaki robo. Uliwahi kuniambia eti watoto wenu wa kantini wanaketi mezani, wanaletewa saladi, kisha nyama, kisha jibini, kisha tunda. Mtoto wa miaka sita ana jibini lake na saa yake ya kulila. Mimi nina miaka arobaini na tisa.

Agosti nitakuja. Siku ninazo, zinajikusanya polepole kila ninavyofanya kazi, kama maji ya paa kwenye pipa. Kufikia Agosti nitakuwa na kumi. Niandalie pa kulala, na hicho kipande cha keki kama hakijaota ukungu.

Dada yako,
Philister


Angers
Jumapili, 18 Mei 2025

Dada,

Tangu Februari kimya. Nilipiga simu mara mbili Aprili ukaandika tu kwamba uko bize. Uko bize na nini wiki tatu mfululizo?

Mwezi huu huku hakuna anayefanya kazi ya maana. Kuna Alhamisi tatu za sikukuu, na Ijumaa inayofuata wanaiita daraja, mtu anavuka moja kwa moja hadi wikendi. Nimekuwekea shada kavu la maua madogo meupe. Huuzwa barabarani tarehe mosi Mei, siku ya wafanyakazi, na unampa mtu unayemtakia bahati. Kwenu nasikia siku hiyo ni siku kama nyingine.

Nimewaambia wote kantini kwamba dada yangu anakuja kutoka Amerika. Madame Renaud ametualika siku tano kwenye nyumba ya dada yake kule Pornic, baharini. Nilimwambia tuna msiba wa kumaliza, akasema bahari inasaidia. Nimenunua na godoro.

Nipe tarehe ya ndege.

Ima


Hopkins
Jumamosi, 5 Julai 2025

Ima,

Jana ilikuwa sikukuu yao ya uhuru, na fataki zikalia kuanzia mchana. Bwana Harold wangu wa chumba cha nane alikuwa askari ujanani, kwa hiyo nilishinda nimemshika mkono huku nikimwambia ni watoto tu, ni watoto tu. Nilifanya shifti mbili. Miguu imevimba hata viatu vimekataa kuvulika.

Nitasema upesi. Agosti sitakuja. Likizo imekataliwa.

Najua utakavyojibu. Godoro lirudishe dukani kama watalipokea.

Philister


Pornic, baharini
Jumanne, 12 Agosti 2025

Philister,

Imekataliwa na nani? Mara ya kwanza ilikataliwa kwa Mama, sasa imekataliwa kwangu. Ninafanya kazi na watu wa kila aina, hata anayefagia uwanja ana wiki zake tano na hakuna wa kumgusa. Ninaanza kuamini hakuna anayekukatalia. Umeizoea hiyo kazi mpaka unaogopa kukaa chini, kwa sababu ukikaa utamkuta Mama amefariki.

Mimi nimekuja baharini bila wewe. Nimepumzika vizuri sana. Asubuhi ni kimya, hakuna gari wala mtoto, mwokaji wa kona amebandika karatasi kwamba amefunga hadi Septemba, na mtaa mzima umefunga madirisha. Ninakula, ninalala. Ungekuwa hapa ungejua maana ya likizo.

Sitakuandikia tena mpaka uniambie ukweli.

Imaculata


Hopkins
Jumatatu, 1 Septemba 2025

Ima,

Leo ndiyo sikukuu ya wafanyakazi kwa huku, kwa hiyo niko kazini. Ninaandikia kwenye chumba cha kufulia, juu ya mashuka.

Ukweli huu hapa. Februari mwaka jana, mwezi mmoja kabla ya Mama, mwenzangu Kasika alijifungua mimba ikiwa ya wiki ishirini na saba tu. Kasika ni Mkongo, wa Bukavu, tulianza kazi wiki moja. Mtoto alilazwa kwenye kisanduku cha vioo, mdogo kama mkate, na siku za Kasika zikaisha akiwa bado hajaruhusiwa hata kumbeba. Huku siku za likizo mtu anaweza kumpa mwenzake. Inapitishwa karatasi, unaandika jina na saa unazotoa. Nilikuwa na siku kumi. Nilizitoa zote. Nani angejua?

Nilimwambia Mama kwenye simu Jumapili ile ile. Akasema, vizuri, mwanangu, mtoto ni mtoto. Baada ya wiki nne mkanipigia kwamba Mama hayupo.

Nilikwenda ofisini kuomba nirudishiwe. Yule dada wa ofisi alinihurumia hadi akalia yeye, lakini siku zikishatolewa hazirudi. Zilibaki zile tatu za msiba, na nikizidisha hapo inahesabiwa nimeacha kazi. Kasika hajui mpaka leo. Akijua atakuwa kila akimwangalia mwanawe anaona kaburi la mamangu, na mtoto mwenyewe ameanza kutembea.

Sasa wewe ningekuambia nini? Kwamba siku za kumzika Mama nilimpa mtu mwingine? Ungesema nilimpenda Kasika kuliko Mama. Nikaona heri uniite mtumwa wa kazi, jina hilo ninaweza kulibeba.

Na za mwaka huu, Aprili nilipata nimonia. Wiki tatu. Huku siku za kuugua na siku za likizo zinachotwa kwenye pipa moja, ukiumwa umekunywa likizo yako. Sikukuambia kwa sababu ungepanda ndege.

Uliyosema kuhusu kukaa chini ni kweli, na imeniuma kwa sababu ni kweli. Sijamlilia Mama. Kila nikianza kengele ya mzee inalia.

Jambo moja. Wewe mwenyewe ndiwe uliyenifundisha kwamba Agosti watu wa mjini hufunga maduka na madirisha wakaenda baharini. Sasa huko baharini mwokaji amefunga akaenda wapi? Ulikuwa wapi, Ima?

Dada yako,
Philister


Angers
Jumapili, 14 Septemba 2025

Dada yangu,

Nilikuwa nyumbani. Ningemtazamaje Madame Renaud siku tano nzima, na dada niliyemtangaza hajaja? Nilimwambia ninakwenda kwa marafiki Paris. Kisha nikafunga madirisha ya mbao mchana kutwa ili majirani waamini nimesafiri, nikala vyakula vya makopo gizani wiki mbili, nimelala kwenye godoro lako. Kuna wanaofanya hivyo huku. Kurudi kazini Septemba bila kuwa na safari ya kusimulia ni aibu kuliko unavyodhani.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa sakafuni. Sina hasira tena, nimeitafuta sijaipata. Ila nina hasira na hiyo nimonia. Huku ukiumwa daktari anakuandikia na likizo yako haiguswi. Nilipolieleza hilo pipa lenu kantini walidhani nimelitunga.

Sikiliza. Wewe huna siku, mimi ninazo. Tulikosea toka mwanzo nani aende kwa nani. Shule zinafungwa wiki mbili za Watakatifu Wote, kuanzia tarehe kumi na nane Oktoba, na pasipoti yangu ya Kifaransa hainisumbui mpakani kwenu. Nitaondoka kwako Jumapili tarehe mbili Novemba. Siku moja kabla ni tarehe mosi.

Usifanye lolote. Acha tu ufunguo.

Ima


Mezani kwako, Hopkins
Jumanne, 28 Oktoba 2025

Dada,

Nimevuka bahari nzima na bado tunaandikiana barua. Siku tisa nipo kwako, na nimekuona sawasawa mara mbili. Unatoka sijaamka, unarudi ninasinzia, na ulichoniambia jana chote ni kwamba kuna wali kwenye friji. Nilikuwa nikidhani unatia chumvi.

Majirani zako ni watu wema lakini siwaelewi. Wananiuliza kwa tabasamu nikoje, na kabla sijafungua mdomo wameshafika kwenye gari. Siku ya kwanza nilimwegemezea shavu yule mama wa ghorofa ya chini nimsalimie kwa desturi ya Ufaransa, akadhani ninaanguka, akanikamata mikono yote miwili. Sasa akiniona ananiuliza kama nimekunywa maji.

Nikuambie lililonipata asubuhi ile niliyofika. Nilitoka kutembea, nikaona vyungu vya krisantemu kila mlango, mtaa mzima, vya njano, vyekundu, vya zambarau. Nikasema kumbe na hawa wanawakumbuka wafu wao, na wanawaweka karibu hivi, ngazini. Mbele kidogo nikakuta mawe ya makaburi kwenye nyasi, mbele ya nyumba moja baada ya nyingine. Nilipiga ishara ya msalaba kwenye nyumba nne. Ya tano ndipo nikaona fuvu linatoka ardhini na limevaa miwani. Jiwe nikaligusa, plastiki, pambo la ile sherehe yao ya kuigiza mizimu mwisho wa Oktoba. Maua nayo ni pambo tu la msimu, yamepangwa na maboga.

Nikacheka peke yangu barabarani, halafu nikakasirika. Makaburi mtaa mzima, na hakuna hata moja la mtu. Sisi tuna mtu, hatuna pa kuketi.

Jumamosi ni tarehe mosi. Nimeona kwenye kalenda yako umeandikiwa kazi, asubuhi hadi usiku. Jumapili ninaondoka. Sikuombi siku kumi, dada, hizo zilikwenda pazuri na Mama alizibariki. Ninaomba moja. Kama haiwezekani niambie hapa kwenye karatasi, maana ukiniambia kwa mdomo nitakujibu vibaya.

Ima


Mezani, Hopkins
Jumatano, 29 Oktoba 2025

Ima,

Nimerudi umelala, miguu imetoka nje ya blanketi kama ulipokuwa mtoto. Nimeifunika.

Nilizungumza na Gentille, Mnyarwanda wetu wa kazini mwenye watoto wanne. Atanishikia zamu ya Jumamosi yote. Mimi nitamfanyia Siku ya Shukrani na Krismasi, akae na wanawe. Aliniuliza mara tatu kama nina akili timamu, kutoa sikukuu mbili kwa Jumamosi ambayo si chochote. Nikamwambia kwa mdogo wangu ni sikukuu.

Asubuhi wakati wa kutoka nilimkuta bwana anayetunza jengo letu. Lile jiwe la plastiki pale mlangoni ni lake, na huwa analiondoa tarehe mosi, sherehe ikishapita. Nimemwomba Jumamosi atuachie. Akauliza la nini, nikamwambia mamangu amefariki. Tangu siku ile ya ofisini sikuwa nimeyasema tena maneno hayo kwa Kiingereza. Alivua kofia. Akasema tulichukue tu, tukaliweke nyuma chini ya ule mti, na ataleta viti.

Kwa hiyo kesho nenda kanunue chungu kimoja, cha njano, Mama hakupenda zambarau. Nunua na kalamu nene nyeusi isiyofutika. Jina lake liandike wewe, mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Na siku ya kuzaliwa. Hiyo ya kufa iache wazi, nitaiandika mimi.

Philister